Njaa ya Kwenu Iliitwaje?

Mwalimu Zipora ana sauti ya kuitia ng'ombe, na haipunguzi hata akiwa ofisini. Mimi nafundisha Hisabati darasa la jirani, kwa hiyo Historia nimeisoma upya kupitia ukuta, nipende nisipende. Nikimlalamikia anacheka, anasema Mrangi kama mimi, niliyekulia kwenye vilima vya Kondoa, hawezi kujifanya anasumbuliwa na kelele. Nampenda sana, ila mtu huyu siku moja atanitoa roho.

Shule yetu iko upande wa Makutupora, katikati ya mashamba ya zabibu. Wanafunzi wengi ni Wagogo wenyeji, na siku hizi wapo pia watoto ambao wazazi wao wamehamia Dodoma kikazi. Hao wageni walikuja na utani wao ule wa kuwaita Wagogo ombaomba. Zipora ni Mgogo wa Mvumi, na neno hilo amelisikia tangu akiwa chuo cha ualimu. Mimi ningeshika fimbo, wallahi. Yeye akalitafutia somo.

Kila mwaka kidato cha pili wakifika kwenye habari za ukoloni, anawatuma nyumbani wakawaulize wakubwa zao: njaa kubwa ya kwenu iliitwaje, na mlikwenda kuhemea wapi? Maana huku kwetu njaa zilipewa majina kama watu, na chakula kikiisha watu walifunga safari kukihemea kwa wenye nacho, wakakipata kwa mifugo, kwa kibarua, kwa lolote. Wanafunzi wakirudi wanasimama mmoja mmoja kusimulia. Hapo ndipo Zipora anapopandisha ile sauti. Anawaeleza njaa iliyoitwa Mtunya, wakati wa vita vya kwanza, jinsi Mjerumani alivyoswaga ng'ombe na kubeba nafaka, Mwingereza akaja akachukua iliyobaki pamoja na vijana wa kumbebea mizigo, halafu mvua nayo ikagoma. Anawauliza: aliyenyang'anywa akiomba, mwenye aibu ni nani? Huko ukutani kwangu kunakuwa kimya mpaka hesabu zangu zinanipotea.

Mwaka huu kazi hiyo ilimtokea puani. Binti mmoja mpole anayeitwa Devota alimuuliza bibi yake, mama mzaa baba. Bibi alilia, na tangu hapo akawa anasukuma chakula pembeni bila kula. Baba wa Devota, mzee Matonya, mkulima wa zabibu, alikuja shuleni amefura, akasema mama yake atakufa kwa maswali ya mwalimu. Mkuu wa shule, ambaye huogopa kesi kuliko nyoka, akamwambia Zipora akamalizane na hiyo familia. Mzee Matonya asiporidhika, zoezi hilo limekwisha, na Historia atapewa mwingine.

Zipora alirudi ofisini akakaa. Hakusema neno, na mimi nikaogopa kuliko siku zote anazopiga kelele. Baadaye aliniambia kinachomuuma si kipindi. Kinachomuuma ni kwamba huenda ni kweli amemuumiza mama wa watu, na kama ni hivyo ataacha mwenyewe kabla hajaachishwa. Nikamwambia anyanyuke, haendi peke yake.

Tulikwenda Jumamosi na sukari na majani ya chai, maana huendi kuomba radhi mikono mitupu. Mzee Matonya alitupokea kwa sura ya mawe, lakini viti alitoa. Bibi alikuwa uani, ameketi kwenye ngozi, mwembamba, amejitanda khanga kichwani. Mkwewe alikuwa amemwekea ugali wa uwele na mlenda, na ugali ulikuwa mzima haujamegwa. Zipora alipiga magoti, akamwamkia kwa Kigogo, kisha akaomba msamaha kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Akamwambia swali hilo halitaulizwa tena.

Bibi akamtazama. Kiswahili chake ni cha taratibu, lakini kilitutosha sote.

"Kwa nini lisiulizwe? Mimi nimelingoja tangu mume wangu yu hai."

Akaanza kusimulia, na Devota akasogea karibu. Katika Mtunya, babu yake bibi alikwenda kuhemea Kondoa na watoto wake wawili, mvulana na msichana. Ng'ombe hana, nguvu ya kibarua hana. Akamwacha yule msichana, Nyemo, kwa watu wa huko, akapewa uwele. Mvulana ndiye aliyeubeba kichwani mpaka nyumbani. Mvua zilipokubali walirudi kumchukua mtoto wao, wakakuta wenyeji wale wamehama. Mvulana yule akakua, akaoa, akamzaa bibi huyu.

"Baba yangu aliishi kwa uwele ule," akasema. "Mimi nimetoka humo. Matonya katoka humo, na huyu Devota. Nikishika tonge namwona yule mtoto kakaa nje kwa watu, anangoja."

Mzee Matonya alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa amewahi kuyasikia hayo hata siku moja, yeye mwenye mvi. Alikaa chini palepale kizingitini, akajifuta uso kwa kofia yake. Kisha akamuuliza Zipora hao watoto wanasimulia siku gani darasani, maana Devota akisimama kumtaja Nyemo, yeye angependa awepo. Zipora akaitikia kwa kichwa huku machozi yanamshuka. Bibi akanawa, akamega ugali, akala kidogo.

Nilidhani yamekwisha. Tukaanza kuaga, na Devota, kwa adabu tu, akamtajia bibi majina yetu na tunakotoka. Bibi aliposikia Kondoa akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vina nguvu. Akanivuta mpaka nikachuchumaa mbele yake, akanitazama usoni muda mrefu, pua, macho, paji, kama anatafuta kitu humo.

"Kwenu walimpa chakula?" akauliza. "Alikuwa anashiba?"

Jamani. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuulizwa swali nikatamani vile kuwa na jibu. Ningeweza kumdanganya, nikasema ndiyo, alishiba, aliolewa, alizaa. Nilimwangalia Zipora, naye akaangalia chini. Nikamwambia kweli, kwamba sijui, kwetu hatujawahi kuulizana, lakini mama yangu yupo na shangazi zangu wapo, na nitakwenda kuwauliza.

"Nenda," akasema. "Usichelewe."