Karatasi za Wifi Kutiwa Plastiki

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anapokea simu kwenye hospitali kubwa. Haoni tangu utotoni. Nyumbani tunamtania kwa jina la Simu ya Mezani, kwa sababu habanduki alipokaa mpaka umalize shida yako.

Mwaka huu hospitali ilifungua jengo jipya na namba za vyumba vyote zikabadilishwa, mia mbili na ushee. Orodha mpya iliyochapwa kwa wino ikagawiwa kila meza, ya wifi ikiwemo. Akairudisha. Wakamletea nyingine, yenye herufi kubwa zaidi.

"Sijui wanadhani nina macho ya akiba," aliniambia.

Akaamua kujiandikia yake kwa nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole. Jumapili nne nzima nilimsomea namba huku mtoto akinyonya, yeye akidonoa karatasi ngumu kwa kijisindano chake, toka kulia kwenda kushoto, maana nukta huchomoza upande wa pili. Zikatimia karatasi ishirini na sita. Kuanzia hapo, daktari akiomba chumba, kidole cha wifi kinapita juu ya karatasi mara moja tu, daktari ameshaunganishwa.

Jumanne nilimpeleka mtoto kupimwa uzito, nikapita kumsalimia. Nilimkuta amenuna, simu zinalia mbele yake.

"Hebu shika hizi," akasema.

Karatasi zilikuwa zinang'aa. Kila moja ilikuwa imefungwa ndani ya plastiki. Nilipopapasa sikuhisi kitu. Mashine ya moto ilikuwa imezilaza nukta zote.

Katibu wa ofisi aliingia akitabasamu. "Umeona zilivyopendeza? Zilikuwa zinachakaa. Sasa hata chai ikimwagika, unafuta tu."

"Kwani wewe unajua kuzisoma?" wifi akamuuliza.

"Mimi? Sijui."

"Basi sasa tuko wawili."

Katibu akanigeukia mimi, akainua karatasi moja dirishani. "Lakini nukta si zipo? Tazama, zinaonekana kabisa."

Kweli zilionekana. Nikambembeleza mtoto ambaye wala hakuwa analia.

Mara akatokea msimamizi wake, shati limechomoka kwenye suruali. Tangu asubuhi, akasema, watu wawili waliotaka wodi ya wazazi wameunganishwa na mochwari. "Dada, ikifika Ijumaa mambo ni haya haya, nitakuhamishia kwenye chumba cha kukunja shuka. Kule huna haja ya kusoma." Aliyasema kwa upole, kama mtu anayekupa zawadi.

"Nikiimwagia maji orodha yako, wino ukafutika, nawe utakwenda kukunja shuka?"

Msimamizi akakohoa. "Si uandike nyingine? Wifi yako huyu hapa, atakusomea."

Yeye na katibu wakanitazama.

"Huyu ana mtoto mgongoni na hajaajiriwa hapa. Nimeshamchosha Jumapili nne kwa kazi ya hospitali." Wifi akavua hedifoni, akamnyooshea msimamizi. "Naandika sasa hivi. Aliyezilaza ndiye atakayenisomea. Wewe kaa hapa upokee simu."

"Mimi?"

"Orodha ya wino unayo. Na macho unayo."

Akakaa. Katibu akavuta kiti, akaanza kusoma kwa sauti ndogo, wifi akidonoa. Msimamizi alikuwa akifunua kurasa mbele nyuma, jasho linamtoka. Simu ya tatu ilimshinda, akaniuliza mimi, mpita njia, wodi ya watoto iko ukurasa gani.

Walimaliza Alhamisi mchana. Ijumaa wifi alirudi kwenye simu zake na habari ya shuka haikusikika tena. Alikataa pole, akataka maandishi: kila namba zikibadilika, hospitali itatoa karatasi ngumu na mtu wa kumsomea, saa za kazi. Msimamizi akaandika, akatia sahihi, akamsomea.

"Rudia," wifi akasema. Kisha akamwita mfagiaji aliyekuwa akipita mlangoni, naye amsomee.