Bwana Machi

Ukitaka kumuudhi Bhanu, mwambie hajui bahari. Mwambie Kiingereza chake kibovu, atacheka. Mwambie amenenepa, atamnyooshea mkewe kidole kwamba ndiye mpishi. Lakini bahari usimguse. Alikuwa ameuza boriti Lamu kwa miaka ishirini na miwili, na kuuza boriti, kama alivyopenda kueleza hata asipoulizwa, si kukaa dukani kufukuza nzi. Ni kujua mikoko inakatwa wapi, maji yanaingia horini saa ngapi, na yanatoka lini. "Mimi nimesomea maji," alikuwa akisema. Ukimuuliza alisomea shule gani, alikutazama kwa huruma.

Mwaka wa sitini na nane, kabla Uingereza haijawafungia mlango Wahindi wa Afrika Mashariki, alipanda ndege na mkewe Pramila na binti yao Kalpana. Wenzake wengi walikimbilia Hounslow, karibu na kazi za uwanja wa ndege. Bhanu akasema hawezi kuishi mahali ambapo maji yanatoka bombani tu. Akatafuta mpaka akapata nyumba katika mtaa mfupi upande wa Lewisham. Mtaa ule uliishia kwenye ukuta, na nyuma ya ukuta palikuwa na hori linaloingia kutoka mto Thames. Akaajiriwa karani wa stoo katika kiwanda cha biskuti, na jioni akitoka kazini alisimama ukutani kulitazama tope kama wenzake walivyotazama televisheni.

Pramila alikuwa akisema kwamba walinunua vyumba vitano, jiko moja na Dinah. Dinah alikuwa bibi wa Kiingereza wa miaka sabini na kitu, aliyepanga chumba cha chini tangu kabla ya vita, kile ambacho dirisha lake lilitazama viatu vya wapita njia. Kisheria hakuna aliyeweza kumtoa, na kusema kweli hakuna aliyetaka. Sikio lake la kushoto halikusikia kabisa. La kulia lilisikia likipenda. Alikuwa na mapenzi mawili duniani: usingizi wa Jumapili baada ya chakula cha mchana, na matete yaliyoota chini ya ukuta wa hori, ambamo ndege wa majini walitaga.

Mwanzoni Bhanu aliyacheka yale matete. Kisha akaanza kuona jambo. Palipokuwa na matete tope lilikaa mahali pake. Pasipokuwa nayo maji yalililamba tope kila siku mpaka msingi wa ukuta ukawa nje. Akakumbuka sehemu moja karibu na Lamu ambako mikoko ilikatwa yote, ufuo nao ukaondoka polepole. Baadhi ya boriti za mikoko ile aliziuza yeye. Akamweleza mkewe. Nyumbani walizungumza Kikachi, lakini mtu akitaka kumchokoza mwenzake alihamia Kiswahili.

"Baba Kalpana," alisema Pramila, "mikoko ya watu umeimaliza, leo wewe walilia nyasi?"

"Ndiyo maana nalia," akajibu Bhanu. "Mimi ndiye nijuaye hasara yake."

Tangu hapo kila Jumapili ambayo maji yalitoka asubuhi, yeye na Dinah walivaa mabuti ya mpira wakashuka kusafisha matete. Walitoa matairi, vigari vya watoto, na siku moja beseni zima la kuogea, ambalo Dinah alitaka kwenda nalo nyumbani.

Oktoba ya mwaka wa sabini na nne council, yaani serikali ya mtaa, iliwaita wakazi katika ukumbi wa kanisa. Injinia mmoja mwenye mafua alieleza kwamba bahari inapanda, kidogo kila mwaka, na London yenyewe inatitia. Lango kubwa litajengwa mtoni, alisema, lakini litachukua miaka. Mpaka hapo kila mtaa uwe na mpango wake: nani atawaonya majirani, nani atawasaidia wazee, na siku ya hatari mtu yeyote asikae vyumba vya chini. Dinah akasimama kusema matete yasiguswe hata wakijenga ukuta wa dhahabu. Injinia akaandika. Kisha akauliza nani atajitolea kuwa mwonyaji wa mtaa, na kabla swali halijaisha mkono wa Bhanu ulikuwa juu. Akapewa beji, firimbi na bunda la vikaratasi. Alirudi nyumbani mvuani na koti wazi, ili beji ionekane.

Kikaratasi kilisema hatari huwa kubwa zaidi wakati wa "spring tide". Mtaani sasa walikuwepo watu wa Mombasa, wa Kampala, wa Nairobi, na wengi wao walipenda kuelezwa mambo ya council kwa lugha isiyoumiza kichwa. Jumamosi ile Bhanu akawajaza sebuleni, Pramila akawamiminia chai, na yeye akasimama na beji yake kuwasomea.

"Spring kila mtu aijua," alisema. "Ni baada ya baridi, maua yanapochomoza. Basi haya ni maji ya spring. Kama kwetu masika. Machi, Aprili, Mei. Mpaka hapo laleni, hapana maneno."

Kalpana, miaka kumi na minne, alisema kutoka kwenye ngazi, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba kikaratasi hakikutaja Machi popote. Akaambiwa akamalize kazi zake za shule. Mtu pekee ambaye angeweza kumwokoa Bhanu siku ile alikuwa jirani yao Msabaha, Mzanzibari aliyetumikia meli za Waingereza miaka kumi kabla ya kuwa mbeba wagonjwa hospitalini. Lakini Msabaha alikuwa kwenye shift.

Dinah alikuwa ameshapandisha vitu vyake juu ya kabati, pamoja na picha za marehemu dada yake. Bhanu akashuka mwenyewe kumsaidia kuviteremsha. "Machi, Dinah," alimwambia kwenye sikio zuri. "Machi."

Ikafika Jumapili ya kwanza ya Disemba. Ijumaa Pramila alikuwa amefunga saumu yake ya mwezi mpevu, na usiku kucha upepo wa kaskazini ulitikisa madirisha. Saa tatu asubuhi Bhanu, Dinah na Msabaha, ambaye safari hii alikuwa na mapumziko, walishuka kwenye matete. Maji yalikuwa yameondoka mbali sana.

"Waona yalivyokupwa?" Bhanu alisema kwa furaha. "Kile kigingi cha pili sijapata kukiona tangu nije. Bamvua hili, Bwana Msabaha! Saa tisa yatajaa ajabu. Na upepo huu ukiyasukuma..."

"Ndiyo spring tide yao hii," alisema Msabaha, akivuta tairi.

"Nini?"

"Bamvua. Wazungu wanaliita spring tide."

"Lakini leo Disemba. Spring ni Machi!"

Msabaha akaliachia tairi. "Bhanubhai, spring hii si ya maua. Ni ya kuruka. Maji yanaruka. Mara mbili kila mwezi, mwezi mpevu na mwezi mchanga. Hivyo wewe umewaambia nini watu?"

Bhanu alilijua bamvua kuliko alivyowajua shemeji zake. Limepita mbele yake limevaa suti, naye asilitambue. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na chini ya aibu kulikuwa na hofu, kwa sababu saa tisa alasiri ya Jumapili Dinah angekuwa amelala chini kule, na sikio zuri limelalia mto.

Dinah, ambaye hakuelewa neno katika mazungumzo yale, alisema anakwenda kutia kuku wake wa mchana jikoni.

Nyumba zilikuwa kumi na nne. Bhanu akapuliza firimbi kutoka mwanzo wa mtaa. Mlango wa kwanza alifungua Balwinder, mama wa Nairobi asiyesahau neno la mtu.

"Si ulisema Machi?"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Sasa Machi imekuja mapema," alisema Bhanu, na Balwinder akamtazama mpaka Bhanu mwenyewe akainamisha kichwa. Kufikia mlango wa nne aliacha visingizio. "Nimekosea. Ni leo. Pandisheni vitu." Neno hilo la kukosea alilisema mara kumi mfululizo, yeye ambaye Pramila hakumsikia akilisema hata mara moja tangu siku ya harusi. Nyuma yake Msabaha alibeba mazulia na magodoro, na kwa heshima hakucheka, isipokuwa mara mbili.

Dinah alimwacha wa mwisho, kwa kuwa alikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe na alidhani itakuwa rahisi. Saa saba na nusu alimkuta ameshaandaa meza.

"Ulisema Machi," alisema Dinah.

"Nilikosea, Dinah. Twende juu."

Sikio la kulia likakataa kusikia. Bhanu akaeleza mwezi, akaeleza upepo, akaruka sakafuni kuonyesha maana ya spring. Dinah akasema kuku anapoa. Ndipo Pramila akashuka ngazi, akaifunika sinia ya kuku kwa kitambaa, akaibeba, akapanda nayo juu. Dinah alimtazama kuku wake akienda. Kisha akamfuata. Msabaha na Bhanu wakapandisha picha za dada.

Saa tisa na robo maji yaliupita ukuta kwa kiasi cha shubiri moja. Upande wa pili wa mtaa, kusikokuwa na matete, yaliingia kwa kishindo na kung'oa geti. Upande wa nyumba ya Bhanu, penye matete, yaliingia polepole, yakashuka ngazi za mawe, yakausukuma mlango wa Dinah. Kutoka juu ya ngazi ya ndani waliona kitanda kikielea, kikageuka mara moja, kikagonga dirisha. Mtaa mzima hakuumia mtu. Bhanu alilia hadharani, mbele ya mkewe, mbele ya Msabaha. Dinah alikuwa ameshika paja la kuku. Alilirudisha kwenye sahani, akamshika Bhanu mkono, na hakuuachia mpaka maji yalipoanza kukupwa.

Injinia alikuja wiki iliyofuata, akapima, akaandika kwamba matete yabaki na mengine yapandwe mbele ya ukuta mpya, na kwamba chumba kile kisilalwe tena na mtu. Bhanu alichora mwenyewe karatasi yenye mwezi mpevu, mwezi mchanga na neno moja, BAMVUA, akaibandika kwenye kila mlango. Hata Waingereza wa mtaa wakajifunza kulitamka, kila mmoja kwa namna yake. Hilo halikumsaidia kitu. Jina lake lilikuwa limeshakuwa Bwana Machi, na kila tarehe mosi ya mwezi huo Msabaha alibisha hodi na ndoo mkononi, akauliza kama maji tayari.

Dinah walimpa chumba cha juu, kile kinachotazama hori. Hakukipenda. Ngazi zilikuwa nyingi, chai ya Pramila ilikuwa na tangawizi, na chumba chake cha chini kilishakauka, alisema, yeye si mgeni wa kulelewa. Siku ya tatu akamwita Bhanu.

"Nitarudi chini lini?"

Bhanu alifikiri kidogo. "Machi," alisema.

Dinah akakubali. Machi ilipofika akauliza tena, na Bhanu akamjibu vilevile, na yule bibi, ambaye sikio lake la kulia lilisikia likipenda, hakuuliza Machi ya mwaka gani. Aliuliza kila mwaka, miaka tisa, mpaka alipofariki juu kule, dirisha likiwa wazi upande wa matete. Ulikuwa mwezi wa Februari.