Aliyekaa Nyuma Yangu Kwenye Kayaki

Usinicheke. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua likiwaka juu ya Mto Thames, na sikuwa mgonjwa wala mlevi.

Ilikuwa kiangazi, miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa nikitunza wazee Lewisham, kusini ya mto huo, pamoja na Furaha, Mkongo wa Uvira, aliyekulia kando ya ziwa na kupenda kuvua kuliko kula. Siku moja tulipopata mapumziko pamoja, akanishawishi twende tukavue samaki aina ya bass kwa kayaki ya mumewe, mtumbwi mwembamba wa makasia, kule mashariki mto unakopanuka kuelekea baharini. Ilikuwa kayaki ya watu wawili. Mimi nilikaa mbele, yeye nyuma, maana wa nyuma ndiye anayeongoza. Elewa vizuri hapo: ukikaa mbele, mwenzako humwoni. Unamsikia tu, na kasia lake likikata maji.

Asubuhi nzima hatukupata kitu. Furaha akabanwa na mkojo, tukasogea kando penye matete.

"Dada, uningojee. Niko narudi sasa hivi," akasema, akapotelea humo.

Nikabaki nikihangaika na mshipi uliojifunga mafundo. Baadaye nikasikia tope likifyonza miguu, kayaki ikayumba, mtu akaketi nyuma.

"Tayari?" nikauliza.

"Eeh."

Tukaondoka. Niamini, hapo ndipo samaki walipoanza kula! Nilipomtoa bass mnene nilipiga vigelegele, nikamlaza miguuni, nikaanza kupanga jinsi tutakavyomkaanga. Nyuma yangu, "eeh." Ni "eeh" tu. Na kasia likizidi kutupeleka katikati ya mto.

Mara nikasikia naitwa kutoka nchi kavu. Furaha alikuwa amesimama kando ya matete, tope hadi magotini, mikono juu.

"Weye! Unaniacha juu ya nini?"

Sasa niambie, ungefanya nini? Kasia la nyuma lilikuwa bado linapiga maji. Sikugeuka. Shingo ilikataa. Pumzi baridi ilinigusa kisogoni, ikinuka tope la chini kabisa ya mto. Nikaanza Baba Yetu, maneno yakanipotea. Nikapiga kasia kurudi. Yule wa nyuma akavuta kwenda mbele. Kayaki ikazunguka palepale.

"Samaki," ikasema sauti ya Furaha, sikioni mwangu.

Nikamrusha yule bass nyuma. Sikumsikia akianguka majini. Nilisikia mifupa ikitafunwa. Kisha kayaki ikawa nyepesi ghafla, nami nikapiga kasia huku nikilia hadi ukingoni.

Furaha hakunisogelea. Nilimuuliza ameona nani.

"Nimejiona mimi," akasema. "Nilikuwa nimekaa nyuma yako. Akanigeukia, akacheka."

Mwezi haukuisha akahamia Edmonton, upande wa pili wa jiji. Mumewe aliniambia kwamba Furaha amefunika vioo vyote nyumbani, hata kile cha bafuni. Simu zangu hapokei. Mimi nami hadi leo, mwanangu akiniita kwa nyuma, siitiki mpaka nigeuke nimwone. Anadhani nina hasira naye.

Kwa hiyo wewe unayependa maji, sikiliza. Mwenzako akishuka, hata kidogo tu, usiondoke kwa kusikia sauti yake. Geuka. Mtazame usoni kwanza.