Mama Alitaka Chumba Mwishoni mwa Mtaa

Mwishoni mwa mtaa wetu, hapa Black Rock, Buffalo, Marekani, palikuwa na kiwanja kilichobaki wazi baada ya kiwanda cha zamani kubomolewa. Theluji ilipoisha, watu wa jiji walisimamisha kibao pale. Kilisema kampuni moja imeomba ruhusa ya kujenga nyumba za wastaafu, ghorofa nne, na kwamba jirani mwenye neno aje kulisema mbele ya bodi inayoamua nini kijengwe wapi.

Mimi nisingeenda. Kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa majumbani mwao, na nikirudi jioni sina hamu ya vikao. Lakini jirani yetu wa mkono wa kushoto, mzee wa Kimarekani aliyefiwa na mkewe, alinifuata barazani. Huyu ndiye aliyetufundisha, tulipofika kutoka kambi ya wakimbizi, namna ya kuzuia mabomba yasigande wakati wa baridi. Akiniomba kitu, sina mdomo wa kukataa. Aliniomba nikawaambie kwamba mtaa hauwezi kubeba magari zaidi. Nikakubali, ingawa sikuwa nimewahi kuwaza lolote juu ya magari.

Watoto walikuwa na mazoezi ya kwaya, nami sikupenda kumwacha mama yangu peke yake nyumbani usiku unapoingia, kwa hiyo nilikwenda naye. Alivaa kitenge chake cha kanisani akidhani tunakwenda ibadani, na nilipomweleza hakubadilisha.

Ukumbi ulijaa majirani. Mmoja baada ya mwingine walisogea kwenye maikrofoni. Mama mmoja alisema jengo litaziba jua na nyanya zake hazitaiva. Kijana mwenye ndevu alisema maji ya mvua yatakosa pa kwenda na kuingia chini ya nyumba zetu. Mwingine alilalamikia ving'ora vya ambulansi. Nilijaribu kuwafuata. Kila mmoja alianza kwa kusema kwamba anawapenda wazee sana, kisha akaeleza kwa nini wasije. Mzee jirani yangu alipozungumza, akiegemea fimbo yake, alisema mtaa wetu ni wa familia, na kwamba ukijaa wazee utakufa. Niliangalia huku na huku nione kama kuna anayecheka. Hakuna aliyecheka.

Mama alinigusa goti, akauliza watu hawa wanakataa nini. Nilimnong'oneza kwamba kuna nyumba zinataka kujengwa kwa ajili ya wazee.

"Wazee peke yao?"

"Peke yao, mama. Kila mmoja na chumba chake, na chini kuna sebule ya wote."

Aligeuka akatazama mbele. Nilidhani anasikitika. Kwetu Uvira, kule Kongo, mzee anayelala mbali na watoto wake ni mzee aliyetupwa, na wanaoulizwa ni watoto. Ndivyo alivyonilea yeye mwenyewe.

Zamu yangu ilipofika nilisimama. Mama naye akasimama, akanifuata mpaka mbele, na kabla sijafungua kinywa akainamia maikrofoni.

"Bon, waambie mimi nataka chumba," alisema kwa Kiswahili.

Mwenyekiti wa bodi aliniuliza amesema nini. Nilitamani kusema kwamba amesalimia tu. Mama alikuwa akinitazama usoni, kwa hiyo nilitafsiri. Akaendelea, nami nikaendelea nyuma yake. Alisema wajukuu wake ni wazuri lakini wanamjibu kwa Kiingereza. Alisema binti yake anatoka asubuhi kwenda kuwaosha wazee wa watu wengine.

"Kwetu nilikuwa nakaa na watu," alisema. "Hapa nakaa na frigo."

Hilo la kukaa na jokofu nalo nilitafsiri. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. Sikujua kama nimeaibishwa, au nimeshtakiwa, au nimeombwa kitu. Juu ya magari sikusema neno, nikarudi kukaa.

Bodi haikuamua siku ile. Tulipotoka, nilijitayarisha kumwomba radhi jirani yangu. Yeye alikuwa amemshika mama mkono, wakishuka ngazi taratibu. Aliniambia anaomba Mungu mama apate hicho chumba, na kwamba kikao kijacho atakuja tena kupinga.

"Sasa unataka nini?" nilimuuliza.

Alifikiri kidogo, akasema hajui.

Hatimaye bodi ilikubali, kwa sharti jengo lipungue ghorofa moja na maji ya mvua yatengenezewe mtaro wake. Muda wote wa ujenzi nilitegemea mama atasahau. Akina mama wa kanisani walinijia nyumbani wakiuliza nimekosana naye nini. Nilisema hatujakosana. Walitikisa vichwa, na mimi nilijikuta nikitikisa pamoja nao. Nilimuuliza mama kama nimemkosea. Alisema hapana, kisha akauliza kama ile sufuria kubwa ni yake au yangu.

Alihamia jengo likiwa bado linanuka rangi. Juma lile lile nilipitia kwake baada ya kazi. Nilimkuta kwenye sebule ya chini pamoja na bibi mmoja wa Burundi na mwingine asiyejua neno la Kiswahili, wote watatu wakichambua maharage. Mama alikuwa katikati ya hadithi ndefu, na yule asiyeelewa ndiye aliyecheka zaidi. Mama aliponiona alivuta kiti, akakipangusa kwa khanga, akanikaribisha kama mgeni aliyetoka mbali. Nikakaa. Sikujua nivue koti au nibaki nalo.