Siku Niliyowaachia Ndege Redio

Hapa Lumemo sasa hivi naitwa Mama Redio, na mtu akiniita hivyo sokoni naitika, kwa sababu nikikataa wenzake watamuuliza jina limetoka wapi, naye atawasimulia kwa raha zake na kuongeza mambo ambayo hayakuwepo, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe aibu yangu nikiwa bado na hasira nayo.

Chanzo ni gauni. Gauni jeupe la ubatizo la binti yangu Anitha, ambalo mama mkwe wangu wa Mahenge alilishonesha mtoto akiwa hata kukaa hajui, na kila tukipanga kubatiza linatokea jambo, mtoto ananenepa, gauni linabaki vilevile. Safari hii tukasema Pentekoste, bibi anakuja, hakuna kuahirisha. Sasa kwetu hubatizi mtoto hivi hivi, lazima mwenyekiti wa jumuiya aende kukusemea kwa katekista kwamba wewe ni mtu wa kusali na wenzako, na mwenyekiti wetu ni Mama Felista, mama mwembamba anayetembea na rozari mkononi kama wengine tunavyotembea na simu.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi simsemei mtu nisiyemwona. Jumamosi usipokuja, hilo gauni mtamvalisha mdoli."

Nilikuwa sionekani jumuiya kwa sababu moja tu, mpunga. Ulikuwa umeanza kuweka maziwa, na hapo ndege hawakupi nafasi ya kujikuna, na jumuiya inasali Jumamosi alfajiri, saa ile ile ambayo ndege nao wanaamka na njaa zao (baba Anitha, kama mnamuulizia, alikuwa mjini na bodaboda yake, ndege anawasikia kwenye simu tu). Kwa kawaida ningemwachia jirani yangu wa shamba, Mama Masanja, mama wa Kisukuma, mashamba yetu yametenganishwa na tuta. Huyo mama hajabatizwa na hasali popote, lakini nilipojifungua alifukuza ndege wa kwake na wa kwangu mpaka nikaweza kusimama, na hakuniomba hata chumvi. Ila Ijumaa hiyo yeye ndiye aliyekuja kwangu.

"Mama Anitha, kesho niangalizie na wa kwangu. Naenda Lupiro kumwona dada, mchana nitakuwa nimerudi."

"Nenda salama," nikamwambia. "Kwani mimi nina pa kwenda?"

Nilikuwa na pa kwenda. Nikajiambia sala yenyewe ni ya muda mfupi, ndege hawawezi kumaliza shamba watu wakiimba nyimbo mbili tatu.

Alfajiri ya Jumamosi nikapanda dunguni, kile kichanja chetu cha kukalia tukifukuza ndege, ambacho kiko upande wa Mama Masanja. Nikavuta kamba za makopo, nikauvalisha mti shati la mume wangu, halafu nikapata akili ambayo mpaka leo najiuliza ilitoka wapi. Nikawasha redio. Nikakuta mhubiri, wale wa kukemea mpaka sauti inakwaruza, nikasema huyu anafaa, hata mimi ningekuwa ndege ningekimbia. Nikafungua sauti mpaka mwisho, nikaitundika hapo juu, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda kusali.

Kwa Mama Felista nikakuta watu wameshajaa mkekani. "Tumsifu Yesu Kristo," nikasema, nikaitikiwa "Milele amina," halafu mwenyekiti akaongeza, "Leo tuna mgeni," na watu wakacheka kile kicheko cha kanisani cha kutolea puani. Tukasali, tukasoma somo, tukafika kwenye kutafakari, na huyo mama, macho kwenye rozari, akasema taratibu, "Kuna waumini wa kila siku na kuna waumini wa gauni. Wa gauni mnawajua, wanakuja mtoto akitaka maji."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini mimi Kiswahili ndilo somo pekee nililofaulu vizuri kidato cha nne, na usingizi nilikuwa sina, na mtoto alikuwa ananivuta nywele, nikasimama. Kwa kuwa Anitha alikuwa analia nikawa nayumbayumba kumbembeleza, nikajikuta nimeelekea meza ya mshumaa, mlango uko mgongoni kwangu.

"Mama, shikamoo, ila naomba tusichanganye maneno," nikasema. "Muumini ni mtu anayeamini, basi, hata aliyekuibia kuku anaweza kuwa anaamini kuliko wewe. Mshika dini ni yule anayejua lini kupiga magoti na lini kusimama, hakosi, hachelewi, na hapa ndani tunao wengi na wanajijua. Mcha Mungu huyo ni mwingine kabisa, huyo anamwogopa Mungu hata akiwa peke yake porini, hakuna mwenyekiti wa kumwona."

"Na mwaminifu je?" akauliza Mzee Linus, ambaye kazi yake pale jumuiya ni kuuliza.

"Mwaminifu ni yule unayemwachia kitu chako ukaenda zako, ukirudi unakikuta." Nilikuwa nimeshapata moto, sauti yenyewe imeanza kufanana na ya yule mhubiri wangu. "Mtu anaweza kuwa mshika dini na asiwe mwaminifu. Mimi hamnioni jumuiya, sawa, lakini nina jirani hajui hata ishara ya msalaba, na huyo ameniachia mimi shamba lake lote la mpunga. Hakumwachia mshika dini. Ameniachia mimi."

Nikaona watu wananiangalia sana, wengine wamejiziba midomo kwa kanga, nikadhani nimewagusa. Kumbe walikuwa wanaangalia nyuma yangu.

"Sasa leo," akasema Mzee Linus, "huko shambani yupo nani?"

"Pako salama," nikajibu bila aibu. "Pana mtu."

"Pana mhubiri," sauti ikasema mlangoni.

Niligeuka taratibu, kama mtu anayetumaini akichelewa kugeuka huenda asikute kitu. Mama Masanja alikuwa amekaa kizingitini, miguu ina tope mpaka magotini, redio yangu mapajani, imezimwa, na juu ya redio kuna masuke ya mpunga yaliyobaki makapi matupu. Lupiro hakufika, alikutana na dada yake darajani akija huku. Akarudi moja kwa moja shambani, hakunikuta, akajua nitakuwa jumuiya, maana habari za gauni nilikuwa nimemlilia msimu mzima. Na kwa adabu zake akasubiri nimalize kutafakari.

"Nimekuta ndege wamejaa kulizunguka dungu," akawaambia watu, bila kupandisha sauti. "Yeye anawakemea, wao wanakula. Hakuna hata mmoja aliyetoka nje. Nyie hapa mnatulia hivyo?"

Mzee Linus alicheka mpaka akapigwa mgongoni. Shamba langu, lililokuwa mbali na dungu, lilikuwa halijaguswa sana, na hilo Mama Masanja alilisema pia.

Mama Felista hakucheka. Aliweka rozari chini, na tangu nimjue sijawahi kuona hilo. "Mama Masanja," akasema, "wewe ndiye unayemjua huyu. Nimsemee au nisimsemee?"

Ubatizo wa mwanangu ukawa mikononi mwa mtu ambaye nilikuwa nimetoka kumlishia ndege mpunga wake. Nikaangalia chini. Anitha, ambaye haya yote hayamhusu, alipomwona mlezi wake wa shambani akanyamaza na kumnyooshea mikono, Mama Masanja akaja akamfungua mgongoni mwangu bila kunitazama.

"Huyu hajaacha zamu ya mtu," akasema akimfuta kamasi. "Mbatizeni. Mama yake niachieni mimi mpaka tuvune."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mama Felista alipofika kwa katekista alisema jumuiya inamsemea mtoto, ya mama bado inayaangalia. Pentekoste tukabatiza, gauni limepasuliwa mgongoni na kushikizwa kwa pini, bibi yake akaninunia hadi chakula cha mchana. Mimi kila alfajiri nilikuwa dunguni nikipiga makelele kwa koo langu mwenyewe, na tulipovuna nilijazia mpunga wa Mama Masanja kutoka wangu, hakuniomba wala hakukataa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba jumuiya ilihamishia sala jioni mpaka ndege waishe, mara tu mtu alipoomba, na aliyeomba ni Mzee Linus, na ilichukua muda mfupi kuliko kutundika redio.

Maneno ya dini sichambui tena. Redio nimeitoa betri, anaichezea Anitha. Na Jumamosi, wakati wa kutafakari ukifika, nakaa nimeelekea mlangoni.