Ngozi Iliyokosekana Katika Kitabu Changu

Kitabu changu cha kwanza nilikiandika nikijua kwamba kila kitu ndani yake ni uongo wangu mwenyewe, na nilijivunia hilo. Kwetu Masisi watu wakisikia umeandika kitabu wanauliza papo hapo: "Ulimuandika nani?" Jibu nilikuwa nalo tayari. Sikumuandika mutu, yote yametoka kichwani mwangu. Nilisema hivyo kanisani Kirolirwe, nikasema hivyo kwenye radio, nikasema hivyo hata kwa mwenye moto, yaani pikipiki, aliyenibeba toka Goma pamoja na makartoni yangu mawili ya vitabu, ambaye hakuwa ameniuliza kitu.

Hadithi yenyewe si ndefu kuieleza. Mjane mmoja wa milima yetu anapewa ng'ombe na rafiki ya marehemu mume wake. Ng'ombe wa urafiki. Kwetu ng'ombe wa namna hiyo huuzi wala huchinji, hata njaa ikukabe koo, kwa sababu ukimuuza umeuza undugu. Sasa mtoto wa mjane anagonjwa, anakaribia kufa, na mama anamuuza yule ng'ombe kisirisiri ili mtoto atibiwe. Kisha anatuma habari kwa rafiki: ng'ombe amekufa. Mwishoni kabisa rafiki anajua ukweli, anakasirika, na hasira inamuua. Mwisho ule niliuona mtamu kupita kiasi. Nilipoumaliza nililia, halafu nikajipongeza kwa kulia.

Nilijichapishia mwenyewe, kwa emprimeri moja ya Goma. Hakuna aliyeniambia kwamba kitabu kikishatoka, kazi njo kwanza inaanza. Mimi ni mwalimu wa sekondari, basi nilifikiri walimu wenzangu watakimbilia. Wapi! Wenzangu waliomba kuazima. Mmoja alinirudishia baada ya siku mbili akisema kina maneno mengi. Nikaweka kimoja juu ya meza pale watu wanapoleta maziwa asubuhi, nikifikiri wakati wanangoja zamu watakifungua. Walikifunika juu ya ndoo ili nzi wasiingie. Mutu mmoja tu wa kwetu alikichukua kwa furaha: muzee mmoja, jirani, ambaye ng'ombe za mama yangu zinakula majani kwenye kilima chake tangu nikiwa mtoto. Hajui kusoma vizuri, macho yamechoka, lakini alisema mukwe wake, bibi ya kijana wake, atakuwa anamusomea kidogo kidogo kila siku wakimaliza kukamua. Nilifurahi. Msomaji ni msomaji.

Halafu rafiki yangu tuliyesoma naye, anayefundisha Hombo kule Walikale inapopakana na Kivu ya Kusini, akanitumia ujumbe: "Lete vitabu siku ya soko. Watu wa huku wanapenda hadithi kuliko ninyi wanywa maziwa." Nikabeba kartoni moja. Nilipita Sake, nikala sambaza, vile visamaki vya ziwa, pale Shasha, nikaingia Bukavu, nikaanza kushuka ndani ya msitu. Mimi nimezoea kuona kilima kimoja toka kilima kingine. Kule miti inakufungia macho hadi unasahau umetoka upande gani.

Rafiki yangu alinipangia benchi sokoni, katikati ya mafuta ya mawese na fufu. Nikasimama, nikasoma kwa sauti ile sura ambamo mjane anatuma habari kwamba ng'ombe amekufa. Watu waliacha biashara wakasikiliza. Nilihisi vizuri, acha niseme ukweli, nilihisi kama mutu mukubwa. Nilipofunga kitabu, papa mmoja muwindaji, mwenye panga begani, akanyosha mukono.

"Mama mwalimu, aksanti sana. Lakini ngozi ilienda wapi?"

"Ngozi gani, Papa?"

"Ya ile ngombe. Huyu mama anasema ngombe imekufa. Sawa. Sisi huku, nyama ikikufa kila mutu anajua kipande chake. Mwenye imbwa iko na chake, mwenye wavu iko na chake. Mwenye imbwa asipoona kipande, anajua kuko kitu wanamuficha. Sasa ule rafiki yake, walimuonyesha nini? Pembe? Mukia? Ata kwato moja?"

Soko lilicheka. Nilifungua kitabu changu kama mutu anayetafuta ukurasa, nikijua vizuri ukurasa huo haupo. Miaka yote ile ya kuandika, kufuta na kuandika tena, ngozi haikunipita kichwani hata mara moja. Nimelelewa na mama peke yake, na mambo ya ngozi kwetu ni ya wanaume.

"Ile... itakuwa katika kitabu cha pili," nikasema.

Aka! Kitabu cha pili gani? Lakini watu walipiga makofi, na papa yule akanunua kimoja akisema atangoja hiyo ngozi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natafuta wazo la kitabu cha pili, na kichwa kilikuwa kitupu kabisa. Kila nililolishika lilikuwa la yule mjane na yule ng'ombe. Nilianza kuogopa kwamba nimezaliwa na hadithi moja tu, na hiyo moja ina tundu.

Asubuhi ya kwanza baada ya kufika nyumbani nilimfuata mama yangu zizini. Alikuwa anakamua, amechuchumaa, ndoo katikati ya magoti, ananong'oneza ng'ombe maneno yale yale anayoyanong'oneza tangu nijue dunia. Mama hajui kusoma. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba kitabu ni cha mjane na ng'ombe, naye alisema Mungu akubariki, akaendelea na kazi.

"Mama," nikasema, "ngombe ya urafiki ikikufa, ngozi inaendaka wapi?"

Mikono yake ikasimama.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu. Niko natafuta ide ya kitabu."

"Ile ngombe ya kitabu chako," akasema polepole, bila kugeuka, "iko rangi gani?"

"Ya majivu. Pembe moja imeshuka, karibu inagusa jicho."

Mama alikaa chini, pale pale kwenye mavi ya ng'ombe. Ndoo ikaanguka. Mama yangu huyu, ambaye tone moja la maziwa likimwagika anamwomba Mungu musamaha, aliangalia ndoo nzima inaenda na hakusema neno.

"Nani alikuambia ile pembe?" akauliza. "Wakati inaenda, weye ulikuwa haujasema ata 'mama'."

Nilichanganyikiwa vibaya sana. Nilifikiri ana homa. Kisha akanieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kutoelewa, kwa sababu alikuwa ananisimulia kitabu changu. Baba yangu alikuwa ameshakufa. Mtoto alikuwa anagonjwa, na mtoto yule ni mimi. Ng'ombe wa majivu alikuwa zawadi ya muzee wa jirani, yule yule wa kilima. Mama alimtoa alfajiri kwa mnunuzi aliyempeleka mbali, akanibeba mgongoni hadi kwa daktari, na niliporudi napumua akatuma neno kwa muzee kwamba ng'ombe amekufa.

"Na ngozi?"

"Ngozi inaendaka kwa mwenye kukupa ngombe. Njo ushahidi, njo heshima. Mimi ngozi ningetoa wapi? Ngombe ilikuwa hai, iko nakula majani kwa mutu mwengine! Nilituma mudomo mutupu. Yeye hakusema kitu. Mpaka leo."

Halafu akanishika mukono kwa nguvu. "Nasikia mukwe wake anamusomea. Wamefika wapi?"

Sikujua. Na hapo njo nilielewa nimefanya nini. Nilibadilisha majina ya watu wote, nikabadilisha jina la kilima, nikaweka mto mahali ambapo hakuna mto. Ng'ombe nilimwacha jinsi alivyo. Kwetu mutu anaweza kusahau uso wa shemeji yake, lakini pembe iliyoshuka jichoni hasahau.

"Akinifukuza kwa kilima, ngombe nitapeleka wapi?" mama alisema. "Na ile si kitu. Yeye njo alizika baba yako. Nikikutana naye kanisani, uso nitaweka wapi?"

Nilikasirika. Sijui hadi leo nilimkasirikia nani. Mama, kwa kunificha? Mimi mwenyewe, kwa kwenda radioni kutangaza siri yake na kuiita akili yangu? Niliona pia haya ya upuuzi: nilikuwa nimepata kitu kimoja tu maishani kilicho changu, na sasa nacho hakikuwa changu. Nilikitoa wapi? Nilikumbuka midomo ya mama ikinong'ona pembeni mwa tumbo la ng'ombe, asubuhi baada ya asubuhi, nami nimekaa karibu na kikombe changu nikingoja povu. Labda ni pale. Labda alikuwa anaungama kwa ng'ombe na mimi nikawa nasikiliza bila kujua nasikiliza. Nilimuuliza. Alisema ng'ombe huwaambia tu watulie.

Nikapanga hila ya kitoto. Nitaenda kwa muzee, nitasema emprimeri imekosea kurasa, anirudishie kitabu nimletee kingine, na hicho kingine sitakileta. Mama alisema anakuja nami. Nikamwambia abaki. Akafunga kitenge chake kizuri, akatangulia.

Tulimkuta muzee ameketi mbele ya nyumba juani, amevaa boti zake za mvua na kofia, anakohoa. Kitabu kilikuwa magotini, kimefungwa ndani ya sashe ya plastiki. Mukwe wake alituletea maziwa, akarudi ndani. Mama hakugusa kikombe.

"Papa," nikaanza, "kile kitabu kiko na makosa, emprimeri..."

"Iko nayo," muzee akanikata. "Mingi! Ya kwanza, umeniua."

Niliweka kikombe changu chini.

"Ukurasa wa mwisho, niko nakufa na hasira. Mimi! Hasira gani? Mimi niko nagonjwa kifua tu. Jana nimelala vibaya sababu yako, binti yangu. Nimemwambia mukwe wangu arudilie kusoma, labda amesoma mubaya. Akarudilia. Nikakufa tena."

Nilitaka kucheka na nilitaka kukimbia. Nikaanza kusema kwamba ni hadithi tu, kwamba si yeye, kwamba yote yametoka kichwani. Maneno yalikuwa yanatoka na mimi mwenyewe nilikuwa siyaamini. Mama akaweka mkono juu ya goti langu ili ninyamaze.

"Papa," akasema, "ile ngombe haikukufa."

"Najua."

"Mukwe wako njo amekusomea."

"Sikujua kwa kitabu. Nilijua siku ile ile. Uliniletea mudomo bila ngozi."

Mama alimwangalia. Sijawahi kumuona na uso ule. Ulikuwa uso wa mtoto aliyeshikwa.

"Miaka yote hii? Mbona haukuuliza?"

"Ningeuliza, ungenidanganya mara ya pili," muzee akasema. "Mara moja inatosha. Na mutoto nilimuona, anakimbia hapa, anakula mahindi yangu mabichi. Nilijua ngombe imeingia wapi." Akakohoa kwa muda mrefu, akafuta midomo. "Nilikuwa nangojea tu useme. Kila ukipita na ngombe nasema, leo. Nimengoja hadi nikafikiri nitakufa mbele ya kusikia. Kumbe nimeshakufa, kwa ukurasa wa mwisho!"

Alicheka peke yake. Mama alikuwa analia bila sauti, machozi yanashuka hadi kwenye kitenge kizuri.

"Musamaha wa kukuomba ninao," akasema, "lakini ngozi, Papa, ata leo sina."

Muzee alifungua ile sashe magotini. Alitoa kitabu ndani ya plastiki. Nikanyosha mukono kukipokea, nikifikiri ananirudishia, tena nikifikiri ni haki yake. Akanipita. Aliinama kwa shida, akakifungua katikati, akakilaza juani kwenye majani, jalada juu na kurasa chini. Kisha akaokota vijiwe, akavipanga kimoja kimoja kwenye pembe zote nne, akakaza kila pembe, namna wanaume wa kwetu wanavyoanika ngozi mbichi ili isijikunje.

"Imefika," akasema. "Imechelewa, lakini imefika."

Mama alipangusa uso. Akachukua kikombe chake cha maziwa, kilichokuwa kimeshapoa, akanywa hadi chini.

"Ndiyo, Papa," akasema. "Nimekuletea."