Didace wa Katumba, Mtengeneza Theluji

Watu wa hapa Katumba wakiniuliza mwanangu Didace anafanya kazi gani huko Marekani, nawaambia anatengeneza theluji. Wanacheka. Gervas, mdogo wa marehemu mume wangu, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, theluji inatengenezwa? Si inaanguka yenyewe kama mvua?"

"Na wewe mvua ikichelewa unafanyaje?"

"Nasubiri."

"Basi wale hawasubiri," nikamwambia.

Ndivyo ilivyo. Kuna mlima ambao watu wanalipa wakateleze juu yake, wamefunga mbao miguuni. Theluji isipoanguka hawaji. Kwa hiyo wamechimba bwawa chini ya mlima, mabomba yanapandisha maji juu, na mashine zinayapuliza hewani yakiwa kama vumbi. Baridi ikitosha, lile vumbi la maji linaganda kabla halijafika chini, linaanguka jeupe. Hiyo ndiyo kazi ya Didace, mwaka wa tano sasa. Anaifanya usiku kwa sababu usiku ndipo baridi ilipo. Usiku wao ni asubuhi yetu. Mimi nikiwa napukuchua mahindi kwenye jua, yeye yuko gizani na tochi kichwani.

Didace nilimzaa hapa hapa, wa kwanza. Alikulia kwenye bani, ile nyumba ya udongo tunayokaushia tumbaku. Alipokuwa na miaka kumi alikuwa anaweka kiganja mlangoni anakwambia moto wa ndani unatosha au hautoshi, na hakosei. Baadaye akacheza ile bahati nasibu ya makaratasi ya Marekani, akashinda. Alikwenda peke yake. Mpaka leo hana mke. Ukimwuliza anasema bado. Anakaa chumba kimoja juu ya gereji ya mtu. Warundi wenzetu walio huko wako mji ambao ni safari ya saa nne kwa gari, na gari lake bovu.

Ananipigia asubuhi yangu. Siku nyingine hana la kusema. Anaweka simu mfukoni, anazungukia mashine zake, na mimi nasikia miguu yake kwenye theluji, kama mtu anatafuna karanga mbichi. Sikati. Na yeye hakati.

Libérat, baba yake, alifariki mwezi wa kumi na moja mwaka juzi. Tulimzika siku ya pili, Didace hakuwahi. Sasa kwetu sisi tuliotoka Burundi, mtu akizikwa msiba haujaisha. Unaisha baada ya mwaka, siku ya kuganduka, watu wanapokusanyika, wanakunywa pombe ya mtama, na maneno ya mwisho yanasemwa. Katika ukoo wa Libérat jembe la marehemu linatundikwa ukutani, na shamba lake halilimwi mpaka siku hiyo. Anayelishusha jembe ni mtoto wa kwanza.

Gervas alitaka tufanye mapema, mwezi wa tisa, watu wakiwa wameshavuna na barabara kavu. Nikakataa. Wakaja wazee wa ukoo, nikakataa na mbele yao. Nilisema Didace atakuja kulishusha mwenyewe. Walisema mengi juu yangu. Niliwapa chai, wakanywa, wakaondoka.

Sikuwa nabisha bure. Didace alikuwa ameshaongea na msimamizi wake, mwanamke mmoja mkali. Yule mama alimwambia, ukifunika mteremko mkubwa kabla ya siku ya kufungua mlima, chukua siku kumi na mbili uende kwenu. Kufungua ilikuwa mwisho wa mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Kuganduka tukapanga Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili. Ilikuwa inatosha kabisa.

Ila mwaka huo mto unaojaza bwawa lao ulikuwa umepungua. Bwawa lilikuwa na maji ya kufunika ule mteremko mara moja tu. Na baridi haikuja. Kila asubuhi namwuliza, "Vipi?" Ananiambia, "Bado joto, Mama."

Jumanne moja nikiwa namenya mihogo akapiga, anapumua kwa haraka.

"Mama, leo hewa iko ukingoni. Kipimo kimeshuka chini ya kuganda, lakini kidogo sana. Bosi kasafiri, kaniachia mimi niamue."

"Sasa?"

"Nikiwasha ikakataa, maji yamekwenda. Nisipowasha, wanasema kesho joto linarudi, siku zinaisha."

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

Tangu Libérat aondoke hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza neno la kazi. Wananiuliza kama nimekula. Wananiuliza mguu unaendeleaje. Nikaweka kisu chini.

"Bani likishajaa majani, unasubiri nini?"

"Husubiri kitu, Mama."

"Basi washa."

Akasema, "Mama, hii siyo tumbaku."

"Nyie mkishavuka maji mnajiona mna akili kuliko waliowazaa. Washa."

Na kwa tumbaku nilikuwa na haki. Majani mabichi yakishatundikwa ndani, ukichelewesha moto yanaoza, yanakuwa meusi, mwaka wako umekwisha. Mimi na Libérat hatujawahi kuchelewesha moto hata mara moja. Nikasikia mashine zinawaka moja baada ya nyingine, mngurumo mkubwa, mpaka simu ikawa haisikiki. Nikamaliza mihogo yangu nimefurahi. Nikamtuma mwanangu Lidia akanunue mtama wa pombe.

Siku mbili Didace hakupiga. Ya tatu akapiga.

"Imekataa," akasema.

"Imekataaje? Baridi si ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Ila ukungu ulipanda kutoka bondeni, hewa ikalowa. Hewa ikilowa, maji hayagandi vizuri. Ilikuwa inaanguka kama uji, Mama. Nikasema labda itabadilika, nikaacha zinawaka mpaka alfajiri. Kulipokucha yote ikatiririka ikarudi mtoni."

"Na bwawa?"

"Limebaki theluthi."

Nilikaa kwenye kigoda, simu iko sikioni. Hewa iliyolowa naijua. Ndani ya bani tulikuwa tunatundika vipimajoto viwili, kimoja kikavu, kingine kimefungwa kitambaa chenye maji. Unavisoma vyote. Vikikaribiana, ujue hewa imejaa maji, unaweza kuchoma kuni za msitu mzima na jani lisikauke. Kile kitambaa nilikuwa nakifunga mimi, na Didace nilimfundisha mimi kukisoma.

"Huko kwenu hakuna kipimo cha kitambaa?" nikamwuliza.

"Kipo. Ndicho tunachotumia."

"Kilisemaje usiku ule?"

"Kilisema hapana."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Mama. Ulisema washa." Halafu akasema taratibu, "Na mimi nilikuwa nataka kuja."

Hawakumfukuza kazi. Ila kufungua mlima kulisogezwa wiki mbili, na zile siku kumi na mbili zikafutwa. Alitakiwa asubiri baridi kavu na bwawa lijae kidogo kidogo. Mimi nilikuwa na mtama umeshalowekwa uani unachipua, na mvua zimeanza.

Gervas akaja kusimama mlangoni na mwavuli.

"Shemeji, nimesikia. Tusogeze mpaka mwezi wa nne?"

Nilijua anataka niseme ndiyo, aende akanicheke. Au labda hakutaka kucheka, sijui. Nilikuwa nimezoea kumwona anacheka.

"Mwezi wa nne tutalima nini?" nikasema. "Shamba limelala mwaka mzima."

"Limelala kwa ubishi wa nani?"

"Wangu. Jumamosi ni ile ile."

Jumamosi watu walikuja, hata kutoka Kasokola. Lidia alimpigia Didace kwa picha, saa sita mchana. Kumbe kwao, ambako bado ni usiku, bwawa lilikuwa limejaa tena, baridi kavu imefika na mashine zote zilikuwa zinawaka. Hakuweza kuziacha. Kwenye kioo tuliona weupe unapita kwa kasi, na katikati taa moja ndogo, ya kichwani. Mngurumo tu. Hatukusikia neno, na yeye hakusikia letu.

Gervas alisogeza uso karibu. "Ndiye huyo?"

"Ndiye," akasema Lidia.

"Mbona kama yuko ndani ya moshi wa bani."

Hakuna aliyecheka. Ilifika zamu ya jembe, watu wakatazamana. Nikasimama. Nikasema, "Didace hakuja kwa sababu mimi nilimwambia awashe mashine, na siku ile haikuwa siku ya kuwasha. Yeye alijua. Mimi nilikuwa najua, sikuuliza. Msimlaumu." Wengi hawakuelewa mashine gani, lakini walielewa namna nilivyosimama. Gervas akanyoosha mkono anishike, nikamwambia niache, bado nina miguu. Nikaenda ukutani nikalishusha jembe mwenyewe. Lilikuwa na utando wa buibui na mpini umelegea. Gervas akachukua jiwe akaugonga ukakaa. Sikumwambia asante siku ile.

Jumatatu nilikwenda shambani kwa Libérat peke yangu, asubuhi na mapema. Lidia alitaka kunisindikiza, nikamwambia abaki na nyumba yake. Magugu yalikuwa mpaka kiunoni. Nilikuwa kwenye tuta la kwanza simu ikalia. Didace alisema mteremko umefunikwa, mweupe kutoka juu mpaka chini, na sasa anazunguka kuangalia mabomba.

"Vizuri," nikasema. "Mimi nalima."

"Kwa jembe la mzee?"

"Kwa jembe la mzee."

Akaweka simu mfukoni kama kawaida yake. Na mimi nikaifunga yangu kwenye kitenge, kifuani. Nikawa namsikia anatembea, karanga mbichi, karanga mbichi, na yeye nadhani alikuwa anasikia jembe. Sikumwita. Salio lake liliisha nikiwa katikati ya tuta la tatu. Nikalimaliza.